Midomo Isiyogusana

Kosa langu la kwanza lilikuwa kung'ata mdomo. Nilikuwa darasa la tatu tulipohama Mikindani kwenda kuishi Likoni kwa bibi, mama yake baba, nami nilijua Kiswahili tu. Nyumba ilinuka moshi wa makumbi, na humo ndani walizungumza Kidigo, chenye sauti moja iliyonishinda, ile inayoandikwa "ph". Si f, si v, wala si w. Mimi nilibana mdomo wa chini kwa meno, ikatoka v kavu.

"Mwacheni," akasema binamu yangu Mwanasha, "atafuna mahindi."

Bibi hakucheka. "Meno yaache ndani, mjukuu wangu. Midomo ikaribiane, isigusane, kama wapuliza chai na hutaki watu wajue. Na koo lingurume." Akaweka kiganja changu mbele ya kinywa chake, nikahisi pumzi ya vuguvugu ikipenya kwenye mwanya mwembamba.

Kwake mtoto hakutoka bila kuaga. Ulisema, "Naphiya, bibi," yaani naenda, ukasimama mlangoni mpaka akujibu, "Phiya vinono," nenda salama. Mimi niliaga kwa Kiswahili. Nilikuwa nimejiapiza nisilitamke lile neno mbele ya watu mpaka liwe safi kabisa, nikawa najizoeza peke yangu kwenye kioo cha kabati hadi midomo ikapasuka. Bibi alinijibu hivyo hivyo, kwa Kiswahili, kama mgeni.

Kisha akapigwa na kiharusi, mdomo ukalegea upande wa kushoto. Asubuhi moja, begi la shule mgongoni, nikasema, "Naphiya, bibi." Ikatoka sawasawa, kwa mara ya kwanza. Akanitazama, akajaribu kujibu. Upande mmoja wa midomo ulikaribiana, wa pili ukabaki wazi, pumzi ikatoka na mate. Akajaribu tena. Mwanasha akampangusa kwa leso.

"Basi, bibi. Amesikia."

Bibi akageukia ukutani. Nami nikasimama pale pale mlangoni, nikingoja, mpaka baba akanishika bega. "Nenda, mwanangu. Hawezi."

Hakujaribu tena mbele yangu. Tulimzika kabla ya mvua za masika.

Watoto wa Mwanasha sasa huingia na kutoka watakavyo. Sauti ile naitamka bila kosa, hata nikiwa na haraka. Nyumbani hatuzungumzi Kidigo.