Lori la Magome na Ulanzi Uliochacha

Magome ya miwati, miti inayopandwa kwa ajili ya dawa ya kulainishia ngozi, yakilowa mvua hutoa maji mekundu, na maji hayo yakikaa juu ya chuma hugeuka meusi kama wino. Niliyaona hayo kwa macho yangu kabla ya mtu kunieleza. Miaka ile baada ya vita nilikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa Makambako. Kazi yetu ilikuwa kukusanya magome katika mashamba ya wakulima kando ya barabara na kuyapeleka kiwandani Njombe. Masika yote lori lilichirizika weusi, kutoka ubavuni mwa bodi hadi kwenye madigadi na milango. Rangi yake ya asili ilikuwa kijani, ingawa mgeni asingeweza kuitaja kama angeulizwa.

Jambo hilo halikunisumbua mpaka nilipotaka kuoa.

Mchumba wangu alikuwa binti wa mzee wa kanisa letu aliyekaa Kitandililo, mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyependa kurudia neno. Mchungaji wetu alihudumia sharika nyingi na alitufikia mara moja katika miezi miwili, wakati mwingine zaidi. Ubatizo, ndoa na Meza ya Bwana vyote vilingoja siku hiyo. Tulikuwa tumepangiwa Jumapili atakayofika baada ya Pasaka. Matangazo ya ndoa yalipaswa kusomwa Jumapili tatu mfululizo, na la kwanza lilikwisha kusomwa bila pingamizi.

Tajiri wangu alikubali lori limchukue bibi arusi na watu wake kutoka Kitandililo, kwa sharti.

"Lioshe kwanza," alisema. "Sitaki gari langu lisemwe kanisani."

Mimi nilikuwa na hofu nyingine. Gauni lilikuwa la kuazima, jeupe, na maharusi kadhaa walikwisha kulivaa bila kulitia doa. Mlango wa lori lile ungeliharibu kabla hatujafika barabara kuu.

Nilianza na sabuni ya mche na maji ya mtoni. Tope lilitoka, weusi ukabaki pale pale, tena ukaonekana vizuri zaidi. Nikajaribu magadi, kwa kuwa nilimwona mama yangu akitoa masizi ya sufuria kwa magadi. Hilo lilikuwa kosa. Doa la magome likikutana na magadi hukolea, na rangi ya gari yenyewe ilipauka kama kitambaa kilichoanikwa juani mwezi mzima. Mafuta ya taa yalitoa grisi na lami, basi. Mchanga laini ulitoa doa kweli, lakini uliondoka na rangi pia, na pale kwenye mlango wa kushoto nikaona chuma kitupu, upana wa kiganja. Nikaacha mchanga.

Nilipopeleka mzigo Njombe niliingia katika duka la Mhindi mmoja aliyeuza vipuri. Alinionyesha kikopo cha dawa ya kung'arishia magari, akakishika bila kunipa.

"Doa limetoka?" aliuliza.

"Bado."

"Basi usinunue. Hii haitoi doa. Ukipaka juu ya doa, doa litang'aa."

Nilimshukuru, na hata leo namshukuru, maana angeweza kuniuzia. Alinipa pia shauri la ndimu. Huko kwetu juu ndimu hazikuota; zilipandishwa kutoka Lupingu ziwani, vichwani mwa watu, chache, na zilipofika zilikwisha kuwa na wenyewe. Lori zima lingehitaji magunia.

Jibu nililipata kwa wachuna magome. Kazi yao ilikuwa ya panga na mikono, na maji ya magome yakichanganyika na chuma cha panga yaliwatia weusi hadi kwenye kucha. Siku moja tukipakia mzigo niliona kwamba baadhi yao viganja vyao ni safi. Nilipoangalia zaidi nikagundua kuwa wenye viganja vyeusi ni Wakristo wenzangu, na wenye viganja safi ni wale waliokunywa ulanzi, pombe ya mianzi. Mikono yangu ilikuwa ya kundi la kwanza. Nilimuuliza mchunaji mmoja mtu mzima, mcheshi, ambaye alinizidi umri kwa miaka mingi.

"Ninyi wa kanisani mnanawa kwa sabuni," alisema. "Sisi tunanawa kwa kilichobaki kibuyuni. Kikichacha hakinyweki, lakini kinatoa weusi wote."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Mngekubali? Tulijua Mungu wenu atawatambua mbinguni kwa weusi wa viganja." Wenzake walicheka. Kisha akasema kwa utulivu, "Nenda kwa mke wangu, dereva. Ana debe limekaa tangu juma lililopita. Hata mimi nimelikataa."

Ulanzi hugemwa kwenye mianzi wakati wa mvua. Ukiwa mpya ni mtamu, siku mbili tatu baadaye unalevya, na ukiachwa zaidi unakuwa mkali hadi meno yanakufa ganzi. Katika usharika wetu mtu anayejiandaa kwa Meza ya Bwana hakuruhusiwa kuuonja, na bwana arusi alihesabiwa kati ya wanaojiandaa. Nililijua hilo. Nilimwendea yule mama mchana kweupe, kwa sababu sikuona la kuficha.

"Kamwene, mama. Nimetumwa kuchukua ule uliochacha."

"Umekufa huo," alisema. "Chukua ukauzike."

Nilijaribu kwanza nyuma, kwenye kona ya chini ya lango la bodi ambako hakuna anayetazama. Hiyo ni kanuni niliyoishika maisha yangu yote: dawa mpya hujaribiwa mahali pa aibu ndogo. Nililowesha kipande cha blanketi kuukuu, nikakibandika juu ya doa kwa muda wa kusema Baba Yetu mara tatu, nikafuta. Chini yake palikuwa kijani.

Nilifanya kazi siku nne, saa za baada ya mzigo, lori likiwa kivulini na bati likiwa limepoa, kwa maana juani ule ulanzi ulikauka upesi na kuacha alama. Nilianzia juu ya paa nikishuka, sehemu moja baada ya nyingine, na kila sehemu niliisuuza kwa maji mengi kabla sijagusa inayofuata. Kisha nilikausha kwa kitambaa cha fulana.

Baada ya hapo ndipo ikaja nta. Sikurudi kununua kile kikopo. Nilipata nta ya nyuki kwa mrina asali, nikaikata vipande vidogo ndani ya kopo, nikalitumbukiza kopo katika sufuria ya maji ya moto iliyokwisha kuepuliwa. Ilipoyeyuka nilitia tapentaini mbali na moto, nikakoroga mpaka ikapoa na kuwa laini kama samli iliyoganda. Mlango wa kwanza niliupaka nene, nikidhani wingi ndio ulinzi. Ukanasa vumbi lote la uwanjani, ikanibidi kuufuta kwa mafuta ya taa na kuanza upya. Baadaye nilijifunza kupaka utando mwembamba, kungoja mpaka ufanye ukungu kama pumzi juu ya kioo, halafu kusugua kwa flaneli safi mpaka flaneli iteleze yenyewe. Nilipomwagia maji, yalisimama kama shanga na kudondoka. Maji ya magome nayo yangedondoka hivyo hivyo.

Tangazo la pili lilikuwa limesomwa kabla ya kazi hiyo. Jumapili ya tatu nilifika kanisani Makambako mapema. Baba wa mchumba wangu alisimama mlangoni akiwapokea watu. Alinipa mkono, nami nikaupokea kwa mikono yote miwili kama ilivyo adabu. Hakuuachia upesi. Aligeuza viganja vyangu juu, akavitazama, akaniachia, akaingia ndani.

Mwinjilisti, aliyeongoza ibada mchungaji asipokuwapo, alisoma matangazo yote ya siku ile. Majina yetu hayakusomwa.

Baada ya ibada waliniita. Walikuwa watatu kwenye benchi la mbele: mwinjilisti, mzee mmoja wa Makambako, na baba wa mchumba wangu.

"Mikono yako umeisafisha kwa kitu gani?" aliuliza mwinjilisti.

"Kwa ulanzi."

"Wa kunywa?"

"Wa kuoshea lori."

Mzee wa Makambako alikohoa ili asicheke. "Wanywaji nimewasikia kwa sababu nyingi," alisema. "Wa baridi, wa msiba, wa tumbo. Wa lori ndiye wa kwanza."

Nilieleza yote. Waliomba kuona. Lori lilikuwa katika uwanja wa tajiri, hatua chache kutoka kanisani, na chini ya lango la bodi palibaki doa ambalo sikuwa nimelimaliza. Nilileta masalia ya debe, nikalowesha blanketi, nikabandika, tukasimama sote wanne tukingoja. Nilipofuta, mwinjilisti aliinama kuangalia. Mzee wa Makambako alipitisha kidole kwenye mlango uliopakwa nta, akauliza niliichanganya na nini, nami nikamweleza.

"Basi tumeona," alisema mwinjilisti. "Huyu hakunywa. Nitasoma tangazo Alhamisi kwenye sala, mchungaji atalipokea."

Ndipo baba wa mchumba wangu alipouliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Ulijuaje kwamba umechacha?"

Nilikuwa nimeunusa. Kama ningesema hivyo tu, ningekuwa nimesema kweli, na ningeoa Jumapili iliyofuata. Lakini harufu ya ulanzi mkali na ya uliochacha hukaribiana, na ule ambao haujachacha sawasawa hunata kwenye rangi. Pale nyumbani kwa yule mama nilitaka hakika.

"Nilionja," nikasema. "Kwa ncha ya ulimi. Nikatema."

"Hukumeza?" mzee wa Makambako aliuliza haraka, kama mtu anayemshika mwenzake asianguke.

"Sikumeza."

"Agizo letu halisemi kumeza," alisema baba wa mchumba wangu. "Linasema kuonja. Tulilisoma mbele ya vijana wote, na binti yangu akiwamo. Nikimwachia huyu kwa sababu ni mkwe wangu, juma lijalo nitamwambia nini kijana mwingine?"

Walizungumza kidogo wakiwa wamenipa mgongo. Waliporudi walisema nitakaa nje ya Meza safari hii ya mchungaji, na kwa hiyo ndoa ingoje safari yake nyingine. Mzee wa Makambako aliangalia chini. Baba wa mchumba wangu alinisindikiza mpaka barabarani.

"Sijakukataa, mwanangu," alisema. "Nimekuahirisha."

Nilikwenda Kitandililo kesho yake kumwambia binti mwenyewe. Tulizungumza uani, shangazi yake akipepeta maharage karibu nasi.

"Ungesema umenusa," alisema.

"Nilinusa pia."

"Basi ungeishia hapo pa kunusa."

Shangazi aliacha kupepeta. Binti alikuwa amekwisha kupunguza gauni kiunoni kwa sindano, na sasa ilimbidi afumue, alirudishe, alipange upya nyuma ya bibi arusi mwingine.

"Ningekuuliza mimi mwenyewe siku moja," alisema. "Tukiwa wazee, tukiwa tunacheka. Ungenijibu hivi hivi ulivyowajibu wao. Halafu ningejua kwamba baba hakujua." Aliinuka. "Nenda kazini. Nitaongea na wenye gauni."

Jumapili ya mchungaji nilikaa benchi la nyuma, wenzangu wakienda mezani na kurudi. Sikuwa na uchungu na mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na nilidhani miezi miwili ni mirefu. Namshukuru Mungu kwamba nilifundishwa kungoja nikiwa bado na nguvu za kungoja, kwa kuwa baadaye nilingojea mambo makubwa kuliko hayo.

Tulioana Juni. Msimu wa magome ulikuwa umekwisha na tajiri alikuwa ameniondoa kwenye lori kwa siku ile tu, akampa dereva mwingine alipeleke Iringa na mahindi. Kwa hiyo bibi arusi alikuja kwa miguu na watu wake. Niliwasikia kabla sijawaona, wakiimba. Baridi ilikuwa kali na vumbi jekundu liliwafika magotini. Gauni alikuwa amelikunja na kulishikilia juu kwa mikono miwili, na viatu vyake vilikuwa kwapani mwa shangazi.

Mchungaji alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Baba yake alimwomba atusubiri. Alileta ndoo kutoka nyuma ya kanisa, akavua koti lake akalikunja juu ya jiwe, akamkalisha binti yake hapo. Kisha akachuchumaa, yeye mzee wa kanisa mbele ya usharika wote, akamwagia maji miguuni kwa kata na kusugua vumbi kwa kiganja, kwanza mguu mmoja, halafu mwingine. Binti alitetemeka kwa ubaridi wa maji.

"Vumilia," alimwambia. "Bora ningaliwaacha mje na lori."

"Nimevumilia, baba," alisema. "Na kati ya vidole."

Akaosha na kati ya vidole. Alimkausha kwa leso yake, shangazi akamvisha viatu, na gauni likashushwa. Tukaingia.