Bitana Zilizoanikwa Nyasini

Kazi yetu ilikuwa kusafisha nguo za watu wanaokwenda kutembea kwenye barafu ya kusini kabisa mwa dunia. Nikieleza hivyo kanisani watu hudhani natania. Ghala lilikuwa Herndon, hapa Virginia, karibu mno na uwanja wa ndege, hata ndege ikipita tulinyamaza mpaka iishe, kisha tukaendelea na maneno yetu pale yalipokatikia. Kampuni ilikodisha makoti mazito, bitana za manyoya za kuvaa ndani yake, na viatu virefu vya mpira. Wasafiri wakirudi, vitu vilitufikia kwenye masanduku, tukavitengeneza kwa ajili ya msafara mwingine.

Mimi sikusoma sana, na mambo ya barafu na hali ya hewa nayajua kwa kuambiwa tu. Basi nitasema nilivyoambiwa. Siku niliyoajiriwa, bosi alinionyesha picha ya majani mafupi laini, kama zulia, yaliyoota juu ya mwamba. Katikati palikuwa na alama ya kiatu. Alisema aliiona alama hiyo akiwa kijana anayeongoza wageni kule, na aliporudi akiwa na mvi aliikuta bado ipo. Yale majani hukua polepole kiasi hicho. Aliipangusa ile picha kwa mkono wa shati kabla ya kuirudisha. Nalitaja hili mapema kwa sababu mbele nitamsema vibaya, na sitaki mtu afikiri alikuwa anaigiza. Hakuwa anaigiza.

Hofu yake kubwa ilikuwa mbegu. Alisema kuna sehemu kule ambako nyasi za kawaida, hizi za uani tunazokanyaga, zilifika na viatu vya watu na sasa zinaota mahali ambapo hazikuwahi kuwapo. Kwa hiyo kwanza tulitafuta mbegu: mifukoni, kwenye mishono, kwenye vile vibandiko vya kunata vinavyobanduka kwa sauti ya krrr. Tulivuta kwa mashine ya vumbi, kilichobaki tukakitoa kwa kibano. Halafu tuliosha. Halafu tulikausha kwenye mashine, tukafunga kwenye mifuko ya nailoni. Kukagua kulikuwa mwanzoni tu. Baada ya kuosha hakuna aliyekagua tena, maana nguo inayotoka kwenye mashine ya kukaushia itapata mbegu wapi?

Mezani tulikuwa watatu. Mimi, mtu wa Kinangop. Mwanamume wa Bukavu tuliyemwita Papa. Na mwanamke wa Morogoro, mkubwa kwetu sote, aliyekuwa kiongozi wa meza. Yeye tulimwita Mama. Viatu vilirudi vimejaa tope la rangi ya waridi, ambalo ni kinyesi cha pengwini, na harufu yake hukaa kwenye nywele mpaka uoshe tena na tena.

"Hawa ndege wanakula vizuri kuliko mimi," Papa alisema.

"Wewe ukila samaki ghala lote linajua," Mama akamjibu. "Sugua."

Mama alikuwa na mume mgonjwa wa figo, anayesafishwa damu kwenye kituo karibu na kwao Temple Hills. Bima ya matibabu hayo ilitokana na kazi hii. Hakuficha. Alisema kuna kazi zenye mshahara mzuri zaidi, lakini bima kama hii angeipata wapi kwa umri wake.

Mwezi wa tisa mashine ya kukaushia ikafa. Bosi aliambiwa. Alisema fundi atakuja, lakini mzigo ni lazima uondoke, fanyeni mtakavyoweza. Siku ya kuosha bitana mimi sikuwepo, nilikuwa nyumbani Columbia Heights nimevimba shavu kwa jino. Haya aliniambia Papa.

Bitana zilikuwa zimelowa, mabeseni na mabeseni. Papa akauliza, "Maman, tutazipuliza na mdomo?"

"Jua lote hili la bure, wewe unatafuta nini?" Mama akasema.

Wakabeba mabeseni mpaka nyuma ya ghala. Wakatandaza bitana juu ya nyasi na juu ya vichaka vya kando ya uzio, kama kila mmoja wetu alivyoona blanketi zikitandazwa tangu utoto. Mchana Mama alizigeuza upande wa pili ili zishike jua vizuri. Ningekuwepo ningetandaza pia, tena ningejisifu. Nyasi zile za kwenye uzio hazikuwa zimekatwa kiangazi chote, na mwezi wa tisa hapa Virginia nyasi huwa zimekomaa, vichwa vyake vimejaa mbegu.

Jumatatu nilizikuta zimekunjwa. Nilinusa moja nikamwambia Mama inanukia kama nyumbani. Alifurahi. Tukafunga mifuko.

Simu ilikuja wasafiri walipokwisha fika. Kumbe kwenye meli huwa wanakaguliwa tena kabla ya kushuka, na mkaguzi alikuta mbegu kwenye kola na mikono ya bitana. Kundi zima lilizuiwa melini siku hiyo, wakawatazama wenzao wakishuka. Wakakasirika. Bosi alitusimamisha kando ya meza.

"Nani alianika nje?"

Papa alitazama dari.

"Mimi," Mama akasema. "Nilianika mimi, na nikageuza mimi."

"Na mimi nilibeba mabeseni, patron," Papa akadakia.

Mama akamgeukia kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti. "Nyamaza baba, una watoto wadogo."

Nilijisikia nikimwambia bosi, kwa Kiingereza changu kibovu, kwamba mashine ilikuwa imekufa na yeye mwenyewe alituambia tufanye tutakavyoweza.

"Ni kweli, nilisema hivyo," bosi akajibu. Hakukana, na hilo nampa. "Lakini sikusema nyasini. Nyinyi mnajua mbegu ni nini. Mnazitoa kila siku."

Na hilo pia lilikuwa kweli. Tulijua. Tulijua mbegu za mifukoni mwa watu, sikumbuki kama tuliwahi kufikiria kwamba nyasi za nyuma ya ghala ni zilezile. Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini nilimuuliza jambo lililonikaa moyoni siku nyingi: hayo makoti yanafika kule kwa ndege halafu kwa meli. Moshi wa ndege na wa meli, nani anaukagua kwa kibano?

Akasema watu wakiiona ile sehemu wataipenda, na wakiipenda wataitetea. Alisema kama mtu anayejikumbusha mwenyewe.

Sijui. Labda ni kweli kwa baadhi yao. Mimi nawajua kwa mifuko yao tu, na mfuko wa koti haukuonyeshi mtu wote alivyo. Nimetoa humo makaratasi ya peremende, tishu, tiketi, na safari moja kokoto imefungwa ndani ya soksi. Pengwini hujenga viota kwa kokoto, na mgeni haruhusiwi kuondoka hata na moja. Nilimpelekea bosi. Aliitazama muda mrefu, akaiweka kwenye rafu yake. Mwenye koti lile alikodi tena msimu uliofuata, saizi ileile, na mimi ndiye niliyemfungia mfuko. Inawezekana bosi alimpigia simu akamkemea nisijue. Naandika kwamba inawezekana. Lakini hakuna aliyezuiwa kusafiri kwa ajili ya kokoto ile.

Mama aliondolewa siku hiyohiyo. Bosi hakupiga kelele. Alisema wenye meli wanataka kusikia kwamba hatua imechukuliwa, vinginevyo watatafuta ghala lingine na sisi sote tutakosa kazi. Huenda alisema kweli. Mama alivua aproni, akaikunja, akapangusa kibano chake na kukirudisha kwenye kikombe chenye vibano vya wengine. Papa alimbebea mkoba mpaka kwenye gari. Fundi alikuja wiki hiyo, akatengeneza mashine kabla ya chakula cha mchana.

Kisha bosi akaniomba nishike nafasi ya Mama, niongoze meza. Nilimwambia nitamjibu. Jumapili baada ya ibada nikaenda Temple Hills.

Mume wake alikuwa amelala kwenye kiti dirishani, blanketi magotini. Mama alikuwa jikoni, simu imewekwa mezani ikipiga muziki wa kusubirisha watu. Anatafuta ofisi ya bima ya serikali, alisema, siku zote hizi wanamsukuma huku na huku, na leo angalau kuna namba inayopokea Jumapili. Bima ya kazini ilikuwa inakwisha na mwezi.

Nilimwambia kuhusu nafasi yake. Sikujua nitazame wapi.

"Chukua," akasema. "Usipoichukua wewe ataichukua mtu wa nje, atamsumbua Papa bure."

"Mama, nitaonekanaje?"

"Utaonekana una kazi. Kaa chini, kunywa chai."

Akanimiminia. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini ili mume wake asiamke, kama zile mbegu zilishuka nchi kavu au ziliishia melini.

"Ziliishia melini. Walizikuta zote, ndivyo walivyosema."

"Zote?"

"Ndivyo walivyosema, Mama."

"Mbegu za nyasi mtu atazikutaje zote?" Alisugua ukingo wa kikombe kwa kidole. "Mimi sikuwa na nia mbaya na mahali pa watu."

Nilitaka kumwambia kwamba hata zikiota, madhara yake hayawezi kulingana na moshi wa zile meli. Nilitaka kumwambia kwamba wanaokwenda kule watarudi na picha, na yeye ambaye hakufika ndiye aliyebaki na hatia ya safari yao. Sikuwa na hakika kama yote hayo ni haki, kwa sababu mbegu zilikuwa zetu kweli, na nilikuwa bado natafuta maneno ya kuanzia. Muziki ukakatika. Mtu akasema halo. Mama akaniinulia kidole ninyamaze, akaivuta simu karibu, akaanza kutaja jina la mumewe, herufi moja moja.