Panya wa Kambi Isiyo na Jogoo

Mwaka ninaousema ni mwaka tuliokula sombe isiyotwangwa. Hapa Kindu nani asiyejua sombe? Majani ya muhogo hutwangwa mpaka yalainike kama uji, ndipo yaingie chunguni na mawese. Mwaka ule hatukutwanga. Mama zetu waliyakatakata majani kwa kisu, wakayasugua juu ya jiwe, wakayachemsha tangu asubuhi, na bado yalikwaruza koo kama nyasi kavu. Chumvi ilikuwa ya majivu: unachoma maganda ya ndizi, unayachuja majivu yake kwa maji, na maji yale yanauma ulimi kabla ya kuitia ladha mboga. Mpaka leo nikisikia harufu ya maganda ya ndizi yanayoungua, ninainuka na kufunga dirisha. Namba ya mwaka siijui. Shule niliiacha mapema, na namba za miaka hazikunishika. Waliosoma wanaiita vita ya Simba, yaani ya wale waasi waliojiita Simba. Mimi nauita mwaka wa sombe isiyotwangwa, na kila mwanamke wa rika langu ananielewa bila kuniuliza swali la pili.

Hatukutwanga kwa sababu kinu kina mdomo. Mwanamke akitwanga hapa, mtu aliye mbali barabarani anajua kwamba pale pana watu, na pale pana chakula. Nasi tulikuwa tumejificha. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa treni. Yeye alibaki mjini kulinda nyumba. Mama akanishika mkono, tukaifuata njia ya Pangi kwa miguu hadi kwa kaka yake, yaani Mjomba wangu, ambaye alikuwa amekihamisha kijiji chake kizima ndani ya msitu. Kambi ile ilikuwa na sheria moja tu, nayo ni kimya. Majogoo wote walichinjwa siku ya kwanza, hata wale wa mbegu. Mbwa nao hawakubaki, na namna walivyomalizwa sitaki kuieleza. Watoto wachanga walipewa ziwa kabla hawajafungua kinywa. Ukitaka kukohoa, unakohoa ndani ya kitambaa. Barabarani walipita wenye bunduki wa upande huu na wenye bunduki wa upande ule, wote wana njaa, na wote wanajua kwamba panapowika jogoo hapakosi mtu.

Mimi nilikuwa mtoto wa mji. Tulikaa nyumba ya matofali, tulikula wali na samaki wa mto, na panya kwetu alikuwa uchafu, kitu cha kumpigia ufagio. Asubuhi moja nimekaa chini ninamenya ndizi, nikahisi kitu chenye kucha kinanipanda mguuni. Nikatazama. Panya wa msituni, wale wakubwa wenye mifuko mashavuni, mkia mrefu kama kamba ya mbuzi. Nikapiga ukelele. Si ukelele mdogo. Ule wa mtoto wa mji, wa kuita majirani wote waje na mapanga. Kambi nzima ikaanguka chini. Chungu kilipinduka, mtu akalala juu ya makaa na hakusema kitu. Mama alinirukia, akanijaza kitenge chake kinywani mpaka nikaona giza. Tulilala hivyo kifudifudi huku sisimizi wakitutembea usoni, tukisubiri miguu ya watu. Hawakuja. Mjomba akawa wa kwanza kuinuka, akajipangusa majani, akasema kwa sauti ya chini ambayo ilinitisha kuliko makelele.

"Dada, huyu mutoto wako atatuua."

"Yaya, kaka yangu, ni mutoto tu. Aliona panya."

"Panya! Watu wote hawa wakufe juu ya panya?"

Mama akapiga magoti. Nataka mnielewe: Mama yangu, ambaye kule Kindu wake za makarani walimsalimu kwanza, ambaye hakuinamisha kichwa sokoni hata mbele ya muuza nyama, alipiga magoti matopeni mbele ya kaka yake mwenyewe, mbele ya wake wa watu, kwa ajili ya kinywa changu. Niliyaona magoti yale yanavyozama. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini kule msituni kila mtu alimchelea mwana kulia, na aliyelia bila sauti siku ile alikuwa Mama. Mjomba hakumwinua. Alisema: "Akilia tena, utafute musitu wako." Kumfukuza dada na mtoto wake wakati ule ilikuwa ni kuwapeleka barabarani, na barabarani ni kifo. Hilo hata mimi mdogo nililijua.

Aliyetuokoa ni Feza, binti wa Mjomba, msichana wa meno mapana aliyenizidi umri kidogo na maneno kwa mbali sana. Alisema kile unacholala nacho hukiogopi. Basi huyu mtoto wa treni afuge panya. Mjomba akafikiri, akakubali, akaweka na sharti lake. Kinu kikubwa walichokuja nacho kutoka kijijini, ambacho sasa hakikuwa na kazi, nipewe nikifanye nyumba. Kikiwa tayari, panya aletwe, nami nimshike mkononi mbele ya kambi nzima. Nikilia, Mama na mimi tunaondoka siku ileile. Nisipolia, tunabaki mpaka vita iishe.  Mama alinitazama tu, kama mtu anayemtazama jaji.

Ndivyo nilivyoanza kujiandaa kufuga panya, mimi niliyekuwa sijawahi kufuga hata kuku. Feza na mimi tulikilaza kinu ubavu, tukakikwangua mabaki ya mihogo ya zamani kwa gamba la konokono. Kilinuka uchachu na mbao iliyolowa. Tulikata kekele, ile mitambaazi ya kusukia vikapu, tukaichana na kusuka mlango wa kufunika kinywa cha kinu, matundu membamba ili meno yapite lakini kichwa kisipite. Nilifumua mlango ule na kuusuka tena hata vidole vikachanika. Ndani tukatandika majani makavu ya mgomba, si mabichi, maana mabichi yanavunda na kumtia panya kikohozi. Nje tukazungusha majivu, kwa sababu siafu wakiingia kwenye nyumba ya panya asubuhi utakuta mifupa. Chakula tukaweka kidogo kidogo: kipande cha muhogo, kokwa za ngazi, yaani chikichi, zilizokwisha kukamuliwa mawese, vitu ambavyo hata sisi tulikuwa tumevimaliza utamu. Watu walipita wakinitazama. Mke mmoja akaninong'oneza, "Mulikuwa na treni, sasa muko na panya," na wenzake wakashika midomo yao.

Kazi ngumu haikuwa kinu bali mkono wangu. Feza alinitaka nilale na kitambaa kimoja, kisha kitambaa kile tukakitia ndani ya kinu ili panya atakapofika akute harufu yangu imemtangulia. Alinipaka mawese kiganjani. Akanifundisha kuusogeza mkono polepole, kwa chini, si kwa juu, maana kinachotoka juu kwa panya ni mwewe. Alinitesa pia. Alitumia mzizi mwembamba kama mkia kunitekenya shingoni nikiwa nimesahau, na kila niliposhtuka alinikanyaga mguu. "Unafungua kinywa! Kifunge! Panya hana kazi na kinywa chako." Nikajifunza kuuma ulimi. Nikajifunza kuvuta pumzi na kuifungia tumboni, ikae huko. Nilijua ninajifunza kwa ajili ya Mama, ndiyo maana nilijifunza vizuri kuliko nilivyojifunza kitu chochote shuleni.

Panya alinaswa akiwa mzima, jike lenye mimba, tumbo limemshuka. Mjomba alikaa kwenye gogo. Watu wakakusanyika, wamama na watoto mgongoni, wazee, wote kimya, na kimya cha watu wengi kinanuka jasho. Mama alisimama nyuma yao, nikaona kitambaa chake tu. Feza akafungua mlango wa kekele kidogo. Nikapeleka mkono kwa chini, polepole, mawese yaking'aa. Panya akaninusa. Ndevu zake zilinigusa kidoleni. Nikamzungushia vidole mgongoni, nikamwinua, mzito, wa moto, moyo wake ukipiga ndani ya kiganja changu. Hapo akageuza kichwa na kuniuma kati ya kidole gumba na cha pili. Meno yalikutana ndani ya nyama, nilisikia. Sikumwachia. Sikulia. Nilikifunga kinywa mpaka taya likalia lenyewe, na kilichokataliwa kutokea juu kikatokea chini. Maji ya moto yakanishuka miguuni, mbele ya Mjomba, mbele ya wote, yakachora udongo mpaka kwenye gogo lake.

Mmewahi kuona watu mia wakicheka bila sauti? Mabega yanaruka, machozi yanatoka, wanashikana, wanauma vitambaa, wengine wanakaa chini kwa kucheka, na husikii kitu ila majani. Feza alikuwa amejikunja kama mtu mwenye kichomi. Nilisimama katikati yao na panya mkononi na damu na mikojo. Mjomba alivuta mguu wake nyuma, akautazama udongo uliolowa, akasema: "Amejikojolea, lakini hakulia. Wabaki." Tukabaki. Panya akazaa ndani ya kinu, watoto wekundu kama pilipili, nami nikawalea wakakua wakinipanda begani. Nikawapenda, nisiwadanganye. Walikuwa viumbe pekee kambini ambao hakuna aliyewaogopa kwa sauti yao. Tuliporudi Kindu niliwaacha kwa Feza. Sikuuliza waliishia wapi. Nyama ilikuwa haba.

Kisa hiki nilikisimulia miaka mingi kwa majivuno. Mimi ndiye mtoto aliyemwokoa mama yake kwa kufunga kinywa! Lakini kilichofungwa siku ile hakikufunguka. Mama alipofariki, matanga yakajaa watu, wanawake wakijitupa chini na kuomboleza kama inavyompasa maiti wetu. Mimi binti yake nilikaa kwenye mkeka, macho makavu, pumzi imefungiwa tumboni. Nilitaka kulia. Niliuma ulimi, sikujua hata kwa nini. Shangazi walinifinya ili machozi yatoke. Watu wakasema huyu ana moyo wa jiwe, huyu hakumpenda mama yake. Mama huyohuyo wa magoti matopeni. Aibu ya mikojo ilikauka siku ileile juani. Ya matanga ninayo mpaka sasa, ninaamka nayo, ninafagia nayo.

Leo nakaa Alunguli, mtaa wa hapahapa Kindu, na Alunguli haina kimya. Alfajiri vinu vinajibizana, majogoo wanashindana na adhana na kwaya, pikipiki zinapita mlangoni kama nyuki waliokasirika. Sombe yetu ni laini. Juzi mjukuu wangu Neema aliletewa na rafiki yake wa Kisangani panya wawili weupe, wenye macho mekundu, si wa kuliwa bali wa kufugwa tu. Amewaandalia beseni lenye wavu, vipande vya nguo, kifuniko cha chupa cha kuwekea maji. Nilikaa kwenye kiti nikimtazama anavyoandaa, nikamwambia nguo zikauke kwanza. Alipowashika, mmoja akamkimbilia ndani ya mkono wa blauzi. Neema akapiga ukelele uliovuka ua. Jirani, ambaye kama mtaa mzima huniita koko, yaani bibi, akajibu kutoka ng'ambo, "Ee, kwa koko kule munachinja muntu?" na kicheko kikafuata, kicheko chenye sauti, cha kupasua mbavu. Neema mwenyewe alikuwa analia na kucheka pamoja. Lakini mama yake, binti yangu Mwamini, uso ulimwiva kwa haya. Akanigeukia.

"Mama, umufundishe ile ulifundishwaka kule musituni. Afunge kinywa. Watu wanatucheka."

"Mutoto simufundishi kunyamaza."

Akadhani ninatania, maana kisa changu cha panya amekisikia tangu akiwa mgongoni, na kila mara nilikimaliza kwa kujipiga kifua. Akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu, akanishika mkono ule wenye kovu, akaniomba tena, taratibu, kwa heshima yote ya binti kwa mama yake.

"Mutoto simufundishi kunyamaza."