Simu Iliyosomwa Ikichajiwa

Jumanne, kwenye kibanda cha kuchaji simu hapa New Site, binti anayetengeneza programu alikuwa akijaribisha kitu kipya: simu inakuonyesha ulivyoitumia wiki nzima. "Ni siri yako, mama. Haitoki nje ya simu," alimwambia muuza chapati.

Mama akasoma, akashika mdomo. "Yesu! Mimi iko nasoma meseji saa nne mpaka saa tisa, kila siku? Saa hiyo simu iko hapa kwa chaji!"

Tukamgeukia mwenye kibanda. Alikuwa ameinama, akipanga nyaya zilizokwisha kupangwa.

Nikageuza simu yangu. Nyuma, kwenye plasta niliyoibandika, kwa mwandiko wangu mwenyewe: jina langu, na chini yake namba ya siri ya kuifungua, ili mwenye kibanda asihangaike kuiwasha.

Nami niliyekuwa nikiogopa wadukuzi wa ng'ambo!