Kifua cha Kepueli

Melenaite alipopata nafasi ya kusomea udaktari Dunedin, kusini kabisa mwa New Zealand, kanisa zima la kijijini kwao Pangai lilimwombea. Mama yake, Lesieli, alitoa sharti moja tu: haendi peke yake. Angekwenda na mdogo wake wa kiume, Kepueli, ili yeye asome na Kepueli afanye kazi. Hakuna aliyemuuliza Kepueli anataka nini. Kwetu Tonga dada akihitaji kitu, kaka hutoa.

Siku ya kuondoka, nesi wa zahanati aliwafuata mpaka uwanja wa ndege. Alimkumbusha Lesieli kwamba Kepueli aliwahi kuugua homa ya baridi yabisi, ile inayoharibu moyo, alipokuwa na miaka kumi, na kwamba sindano yake ya kila mwezi isikatizwe.

"Si wanakwenda kwenye hospitali kubwa?" Lesieli alisema. "Watakosa sindano?"

Melenaite alikuwa anaagana na kwaya, hakuyasikia hayo. Wavulana wa kwao walilala nyumba ya nje, na magonjwa yao yalikuwa mambo yao. Kepueli alisikia, lakini sindano ile ilimuuma tangu utotoni, na huko Dunedin hakuna aliyemwita kwenda kuchomwa. Hakwenda.

Walipanga nyumba ya mbao upande wa kilima usiopata jua. Kuta zilitoa jasho asubuhi, na kuvu jeusi lilipanda kutoka sakafuni kama linatafuta mtu. Vyumba vyao vilitazamana, korido katikati. Dada na kaka waliokwisha kubalehe hawalali chumba kimoja, hawagusani, na habari za mwili hawazungumzi kabisa. Kaka haingii kwa dada, wala dada hamwoni kaka kifua wazi. Hata huko ugenini walilishika hilo. Kepueli alikula jikoni, Melenaite chumbani, na mazungumzo yao yalipita ukutani.

"Daktari! Umekula?"

"Bado sijawa daktari."

"Basi mwanafunzi, magimbi yanapoa. Na ubongo wako pia unaganda, nausikia mpaka huku."

Kepueli alipata kazi kiwanda cha nyama, kwenye chumba cha barafu, pamoja na Taniela, mtu mzima wa kanisa lao. Mwezi wa sita akaanza kukohoa. Akipanda kilima alisimama mara mbili, baada ya wiki mara nne, na kila akisimama aliinama kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Wiki hiyo Melenaite alifundishwa namna ya kumhoji mtu ambaye moyo wake umechoka. Muulize analala na mito mingapi, mwalimu alisema. Akiongeza mto, jua maji yanapanda mapafuni. Jumamosi alitoka nje kuanua nguo, akakuta foronya nne za Kepueli kwenye kamba, zimekauka kwa baridi kama mbao. Walipohamia alikuwa na mto mmoja.

Alizishika pale uani mpaka vidole vikafa ganzi. Mwezi mzima alikuwa akisikiliza vifua vya wazee wa kizungu asiowajua hata majina. Kifua cha ndugu yake hakuweza.

Akampigia mama simu. "Mama, Kepu hapumui vizuri."

"Umemtazama?" Sauti ya Lesieli ilikuwa kali.

"Hapana, Mama. Nitamtazamaje?"

"Haya. Muombee. Na avae soksi, mtoto yule hapendi soksi."

Jumapili baada ya ibada, Melenaite alimwita Taniela nyumbani, akampa kifaa chake cha kusikilizia moyo.

"Mimi?" Taniela alicheka. "Mioyo ninayoijua mimi ni ya kondoo, dada, na yote imekwisha kunyamaza."

"Wewe utaweka ninapokwambia, na utaniambia unachosikia."

Taniela aliingia chumbani kwa Kepueli, akauegesha mlango. Melenaite alisimama koridoni, uso ukutani.

"Upande wa kushoto," alisema. "Teremka kidogo."

"We Kepu, acha kucheka, sisikii kitu."

"Mikono yako inanuka kondoo, mzee, halafu unanitekenya!"

Walicheka wote wawili. Kisha Taniela akaacha kucheka, na Kepueli akabaki anakohoa.

"Unasikia nini?" Melenaite aliuliza.

"Unapiga. Halafu kuna kama upepo unapita chini ya mlango. Mrefu. Halafu moyo unapiga tena."

"Kila pigo?"

"Kila pigo, dada."

Melenaite aliegemea ule ukuta wenye maji. Alijua jina la upepo huo; alikuwa ameliandika kwenye daftari: vali ya moyo inayovuja.

"Kepueli," alisema. "Kesho asubuhi uende hospitali. Ninakuomba."

"Msimu wa kuchinja umebaki wiki mbili tu, dada. Nikikosa..."

"Ninakuomba."

Ombi la dada halikataliwi. "Haya, dada," Kepueli alisema.

Jumatatu sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imefunika barabara yote. Melenaite alivaa koti ili amsindikize, kisha akalivua. Aliyajua maswali atakayoulizwa kule: kuhusu mkojo, usingizi, uvimbe wa miguu. Kaka hawezi kuyajibu mbele ya dada. Akikaa pale, Kepueli atadanganya kwa heshima. Kwa hiyo alimwacha aende peke yake, akamtazama dirishani. Kwenye nguzo ya kwanza aliinama. Kwenye nguzo ya pili aliinama. Kisha kona ikamficha, na Melenaite, roho ikimwambia kimbia, akachukua vitabu vyake akaenda darasani.

Saa nne walimwita kutoka hospitali. Kepueli alikuwa ameanguka hatua chache kabla ya lango la hospitali.

"Wewe ndiye dada yake? Ingia," nesi alisema, akavuta pazia.

Alikuwa amelala na nyaya mwilini. Alipomwona, mkono wake ulipapasa kutafuta shuka, ukalivuta kiasi cha shubiri moja, ukachoka.

"Dada, toka. Niko wazi."

"Sitoki. Sikutazami."

Aliingia akimtazama macho tu. Alimfunika mpaka kidevuni, akalishika shuka hapo kwa ngumi mbili, akiomba. Chini ya ngumi zake moyo ulikimbia, ukajikwaa, ukakimbia tena. Kisha mashine ikaanza kulia, na madaktari wakajaa pande zote.

"Achia shuka, dada," mmoja alimwambia. "Tunahitaji kifua."

Alilifunua mwenyewe mpaka kiunoni. Aliwaambia anasomea udaktari, wakamwekea zamu kama mmoja wao, naye akasukuma kifua kile walipomwambia asukume, akihesabu kwa sauti, mpaka saa sita kasoro robo, daktari mkubwa alipotazama saa ya ukutani, akasema basi.

Koridoni akampigia mama simu. Lesieli alilia muda mrefu. Kisha akauliza kama mtoto wake alikuwa peke yake, na kama sivyo, nani alikuwa naye mle ndani.

"Mimi, Mama," Melenaite alisema. "Nilikuwa nimemshika."