Mjerumani wa Kiwanda cha Barafu

Baba aliuliwa Unguja, Januari ya mwaka sitini na nne, mlangoni petu, na watu waliozoea kuja kwetu kufuturu. Mimi na mama tukaishia Matrah, Uarabuni, chumba kimoja nyuma ya soko. Kila asubuhi nikiamka, jambo la kwanza nililolifikiri ni nyuso zile, na nitakavyozitenda siku nikizipata.

Nilipata kazi ya ukalimani katika kiwanda cha barafu cha tajiri mmoja, mzee aliyejua Kiarabu na Kihindi tu. Fundi wake wa mashine alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Tanganyika, milima ya Usambara, kwenye shamba la kahawa la baba yake, mpaka vita vilipokuja na Waingereza wakawafukuza. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kizito, lakini hakikumpiga chenga.

Aliponisikia nikitaja Unguja akaweka spana chini.

"Waliwanyang'anya?"

"Walimuua baba yangu."

"Sisi walitunyang'anya shamba. Basi wewe na mimi ni ndugu."

Nilimpenda kwa neno lile. Watu wote waliniambia nisubiri, nimwachie Mungu. Yeye peke yake aliniambia nisisahau.

Alikuwa na redio, na kazi ikisha tulikaa kusikiliza matangazo ya Kiswahili kutoka kwao Ujerumani. Kulikuwa na chama kipya, kilichoanzishwa mwaka ule ule tuliohama sisi. Mtangazaji alisema wengi wa viongozi wake walitokana na utawala ule ulioleta vita. Fundi akamzomea.

"Mwongo! Hao ni wazalendo. Watu waliochoka kuambiwa waone haya."

Kaka yake alikuwa mwanachama. Fundi akanieleza wanavyojazana kwenye kumbi, askari wa zamani, wakulima waliofilisika, watu waliopoteza ardhi zao upande wa mashariki, kila mmoja na donda lake. Nilimwelewa. Mimi mwenyewe ningejiunga, laiti kungekuwa na ukumbi wa namna hiyo Matrah.

Tajiri akipita, fundi alimtukana kwa Kiswahili huku akitabasamu, nami nikafasiri, "Anasema mashine inakwenda vizuri." Tulicheka wawili baadaye.

Mwishoni mwa sitini na sita redio ikatangaza chama kile kimepata viti katika mabaraza ya majimbo mawili. Fundi alinikumbatia na mafuta yake ya mashine, akanihesabia watakaofukuzwa: Waturuki, Waitaliano, wote waliokuja kufanya kazi viwandani. Kila mtu kwao.

"Hata aliyezaliwa pale?"

"Hata yeye."

"Wewe ulizaliwa Usambara."

"Sisi tuliijenga ile." Akanitazama kwa huruma, kama anayempa mtoto dawa. "Nikwambie kweli, kijana? Baba yako pale Unguja hakuwa kwao. Wale walitumia mapanga, ni washenzi. Lakini hoja yao ilikuwa sawa."

Nilitazama shingo yake iliyobabuka kwa jua, kisha nyundo iliyokuwa mezani. Niliifikiria sana nyundo ile. Halafu nikenda zangu nyumbani kwa mama.

Siku chache baadaye tajiri alikuja na birika la kahawa, akamimina kwa mkono wake mwenyewe. Alitaka fundi abaki, amfungie mashine ya pili.

Fundi akainua kikombe, akatabasamu. "Mwambie huyu mbuzi mzee nitabaki. Bila sisi hawa Waarabu wangekula samaki waliooza mpaka kiyama."

Nikafasiri. Neno kwa neno.

Tajiri akasema, "Rejea."

Nikarejea, polepole zaidi, na mbuzi nikamtaja vizuri. Kisha nikamfasiria na yale ya miezi yote iliyopita, yaliyokuja kichwani.

"Umemwambia nini?" fundi akauliza, tabasamu bado liko usoni.

"Uliyoyasema, bwana. Kila mtu na yake."

Tajiri alimwaga kahawa iliyobaki kikombeni, akasema akusanye vyombo vyake, meli iko bandarini. Fundi alinijia mpaka puani. "Wewe ulikuwa ndugu yangu."

"Walioniulia baba nao walikuwa ndugu zetu," nikamwambia.

Nilikwenda gatini makusudi, nikasimama pale atakaponiona, mpaka mashua ikamchukua.

Mwaka wa sitini na tisa, kwenye redio ya tajiri, nikasikia chama kile kimeshindwa kuingia katika bunge lao kubwa. Kidogo tu kilikosa. Nilicheka mpaka nyumbani, na tulipokuwa tukila mama akauliza kilichonipata. Nikamweleza.

"Ndio hao waliomuua babako?"

"Sio hao, mama."

"Basi?"

"Basi hao nimewapata. Wale bado."

Akanisogezea sahani ya samaki, akasema nile.