Walikuja na Maji Yao

Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, mama yangu alifukuzwa shambani kwake Mau Narok akaja kukaa kwangu mjini, mtaa wa Section 58. Sebule na chumba kimoja, watoto watatu, na yeye. Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Sasa mama yako utampa jembe la wapi, na shamba limebaki huko? Nilimpenda, lakini jamani, nilikuwa nimechoka. Serikali ilipotangaza kumetulia, watu warudi makwao, mimi ndiye niliyeshangilia.

Mama hakushangilia. "Wamejuaje kumetulia?" aliuliza kila siku, akimenya kwa hasira viazi vya kununua.

Rafiki yake siku hizo alikuwa sista wa kanisani kwetu, muuguzi, mzaliwa wa kisiwa kidogo huko Pasifiki. Jioni moja, juu ya chai, alitusimulia ya kwao. Wageni waliwahamisha watu, wakalipua mabomu ya nyuklia ya majaribio, na miaka ilipopita wakawaambia kisiwa ni salama, rudini. Wakarudi. Wakala nazi zao na kaa wao. Halafu shingo zikaanza kuvimba, wanawake wakazaa watoto wafu.

"Woiye! Na hakuna aliyeshuku?" Mama akauliza.

"Nyanya yangu alishuku. Madaktari wa hao wageni walikuwa wakija na meli kutupima damu. Nazi yetu hawakuonja hata moja. Walikuja na maji yao."

Mama aliguna tu. Nilimkasirikia sista kweli kweli, maana nilimjua mama yangu.

Siku ya kurudi nilimsindikiza kwa lori la serikali. Nyumba ilikuwa imechomwa, lakini tangi la maji ya mvua lilikuwa zima. Afisa aliyetuleta akasema, "Mathe, hapa ni salama kabisa. Lala bila wasiwasi."

Mama akachota maji, akaonja kwanza, kama tunavyomfanyia mgeni, kisha akampa afisa kikombe kwa mikono miwili.

"Asante mathe, niko sawa." Akarudi kwa lori, akafungua chupa yake ya maji, akanywa.

Mama akanitazama.

"Ai, mama, watu wa ofisi wako hivyo, ni kuogopa tumbo tu!" Nikachukua kikombe nikamaliza yote. "Ona, si nimekunywa?"

"Umekunywa," akasema. "Na leo utalala wapi?"

Mama alijipandisha tena kwenye lori mwenyewe, polepole, akanisogezea nafasi.